Migongo Arobaini

Kuna watu ukikaa nao kutazama filamu unainuka umepumzika. Halafu kuna Bi Simamisha. Ukikaa naye unainuka umechoka, filamu haijafika popote, na unajua mambo kumi na saba kuhusu taa iliyokuwa mezani. Mumewe ni fundi bomba, mtu mpole ambaye hata bomba lililoziba mwezi mzima huliita "ndugu yangu" kabla ya kulifungua, lakini hata yeye ilimshinda. Mwaka wa pili wa ndoa alimnyang'anya rimoti, na mpaka leo hajamrudishia.

"Mama watoto," alimwambia, "mimi nataka kujua aliyeua ni nani. Sitaki kujua kamera ilikaa wapi."

"Si ndiyo nakwambia! Aliyeua ni huyu hapa. Huoni kila wakimwonyesha wanampiga picha kutoka chini ili aonekane mkubwa?"

Filamu ilikuwa na dakika saba tu tangu ianze. Fundi bomba alivuta pumzi, akachukua kiti chake, akaenda kukaa nje. Na kweli aliyeua alikuwa huyo huyo, jambo lililomuudhi zaidi.

Mama mkwe naye alikuja kukaa nao mwezi mmoja, akaondoka wiki ya pili. Kisa ni mchezo wa televisheni aliokuwa akiufuata kila jioni. Msichana kaachwa na mchumba, machozi yanamtiririka, na mama mkwe kwenye kochi anafuta ya kwake. Bi Simamisha akapita na sahani mkononi, akatupa jicho, akasema, "Mama, hebu tazama vizuri. Hayo machozi yameanzia shavuni. Machoni pakavu kabisa. Wamempaka maji." Mama mkwe alinuna siku mbili, ya tatu akafunga mizigo.

Msije mkadhani ni mwanamke wa roho mbaya. La hasha. Ni kazi iliyomwingia mwilini. Alianza akiwa msichana kwenye studio ya picha ya mjomba wake, chumba cha nyuma chenye taa nyekundu na beseni tatu za dawa, na humo alikaa miaka kumi na tisa akisafisha sura za watu. Picha ilikuwa ikitokea polepole kwenye maji, naye ameinama juu yake, hana pa kwenda wala la kufanya ila kutazama. Alijua ndoa itakayodumu kwa kuangalia tu bibi harusi kaegemea upande gani. Alijua nani kaazima koti, maana mikono ya koti humsaliti mwazimaji. Kisha simu zenye kamera zikaingia mjini, watu wakaanza kujipiga picha wenyewe, na mjomba akafunga studio. Bi Simamisha akapata kazi ya kutunza maktaba ya shule, ambayo kwa maneno mengine ni kubandika vitabu vilivyochanika na kuwaambia watoto wa watu "shhh" kutwa nzima. Aliichukia kazi ile, tena aliichukia kwa moyo wake wote, ila hakuna aliyemuuliza.

Kipindi chake kilianza kwa bahati. Mwalimu wa lugha aliugua, na mkuu wa shule akamtuma Bi Simamisha akae na darasa, awawekee filamu yoyote watulie. Mkuu wa shule ni mtu wa amani, jibu lake kwa kila jambo ni "tutaona." Basi televisheni ikasukumwa darasani juu ya meza yake ya magurudumu, ikawashwa, picha ikaja, sauti ikagoma. Watoto arobaini wakaguna kwa pamoja.

"Bora!" alisema Bi Simamisha. "Sasa niambieni nyinyi wanasema nini. Na usinidanganye, nionyeshe umekiona wapi."

Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Mkuu wa shule alipita, akachungulia, akashangaa, akasema tutaona. Mwaka uliofuata akakiweka kwenye ratiba: Jumanne, kipindi cha sita, Kusoma Picha. Nyumbani alinyang'anywa rimoti, shuleni akakabidhiwa. Jina la Simamisha ndipo lilipozaliwa, maana kila sekunde chache aliinua mkono na kupiga kelele "Simamisha!" kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeshika rimoti, kisha akaibonyeza mwenyewe.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani, ya tarishi mmoja aliyekabidhiwa barua moja, anazunguka mji mzima kumtafuta aliyeandikiwa. Muhula wa kwanza wote, nawaambieni, tarishi yule hakuvuka barabara. Walikaa wiki mbili kwenye kofia yake tu. Hakuna darasa hata moja lililowahi kujua kama barua ilifika.

Wakichoka na tarishi, wanasoma vitu vingine. Alileta boksi la sabuni ya kufulia lenye picha ya mwanamke anayecheka na beseni. "Tazameni kucha hizi," aliwaambia. "Kuna aliyewahi kumwona mama yake akifua na kucha kama hizi?" Darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo sabuni ile nyumbani kwao ikawa na sifa mbaya. Alileta bango la mgombea aliyembeba mtoto. Mgombea anatazama kamera, mtoto anatazama pembeni. "Mtoto anamtazama nani?" Sauti ndogo kutoka nyuma ikasema, "Mama yake. Amesimama nje ya picha, anasubiri arudishiwe."

Sauti hiyo ilikuwa ya binti wa fundi viatu, msichana mwenye miwani minene ambaye wenzake walimwita Darubini. Alikuwa mkimya mno. Kwenye masomo mengine walimu walimwandikia "ajitahidi kuchangia," lakini kwenye picha alikuwa na jicho ambalo hata mjomba wa studio angelivulia kofia.

Sasa, njia yenyewe ya kufundisha ilikuwa hivi. Kipande kimoja cha filamu kinatazamwa mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti. Mara ya pili sauti ipo, ila darasa zima linageuka, linakipa kioo cha televisheni mgongo, linasikiliza tu. Mara ya tatu ndipo vyote viwili. Siku moja wakiwa wamegeuka, tarishi anasikika anatembea, ko, fya, ko, fya, na Darubini akasema, "Kiatu cha kushoto soli imeachia mbele. Anaionea aibu, anakanyaga kwa kisigino." Wakageuka kutazama. Soli ilikuwa imefungua kinywa, na Bi Simamisha alifurahi mpaka akakaa juu ya meza.

Nisiwafiche na upande wake wa pili. Bi Simamisha alikuwa mwizi. Alikuwa akiiba dakika. Baada yake kilifuata kipindi cha hesabu cha Mwalimu Kipeo, mwanamume mrefu, mnyoofu, anayetembea na rula ya mbao ya mita nzima kwapani na kuhesabu ngazi anapopanda. Kengele ilikuwa ikilia, Bi Simamisha anasema "dakika moja tu, wanangu," na hiyo dakika moja ina dakika kumi ndani yake. Kipeo hakuwahi kusema kitu. Bi Simamisha aliona kimya chake kuwa ruhusa, kama wezi wote wanavyoona.

Ikatokea Jumanne moja akaja mkaguzi. Hakuna aliyemwona akiingia wala akitoka. Wiki mbili baadaye ikaja taarifa yake, ukurasa mmoja na nusu, na mkuu wa shule alimwita Bi Simamisha ofisini akamsogezea karatasi bila kumtazama usoni. Iliandikwa kwamba mkaguzi amehudhuria kipindi kizima cha Kusoma Picha na kushuhudia utovu wa nidhamu usio na kifani, wanafunzi wote wamekipa kioo mgongo huku mwalimu akiridhia. Alipendekeza kipindi kifutwe na mtunza maktaba arejeshwe kwenye maktaba. Ushahidi ulikuwa picha moja. Kwenye taarifa ilikuwa fotokopi nyeusi tititi, lakini ile safi mkaguzi aliituma kwenye simu ya mkuu wa shule, na huko ilionekana wazi: pembe ya televisheni, Bi Simamisha na rimoti yake, na migongo arobaini.

"Si tulikuwa tunasikiliza!" alisema Bi Simamisha. "Ndivyo tunavyofanya!"

"Bodi inakaa Alhamisi," alisema mkuu wa shule. "Nenda ukawaeleze. Tutaona."

Hapo ndipo "tutaona" ilipomkata maini. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Studio ilikuwa ya mjomba, maktaba ilikuwa ya shule, nyumba ilikuwa ya fundi bomba na ndugu zake. Kile kipindi cha Jumanne ndicho kitu pekee duniani ambacho bila yeye kisingekuwepo.

Alimwomba mkuu wa shule ile picha safi, akaenda kibanda cha kuchapisha picha, akatoa nakala mbili kubwa, moja ya bodi na moja ya akiba. Alasiri ile akazitandaza mezani nyumbani, akachukua lenzi ya kuvalia jichoni aliyorithi studio, akaanza kusoma. Hakuchukua muda akacheka peke yake. "Njia ya mwongo fupi," alisema. "Huyu bwana hakuingia darasani hata mguu!" Akaendelea kusoma kuelekea kulia, na alipofika ukingoni kabisa kicheko kikamkauka. Upande ule lilikuwepo dirisha la mwisho la darasa, na nje ya dirisha alikuwa amesimama Mwalimu Kipeo, mikono ameifunga kifuani, rula kwapani, amezikumbatia daftari za hesabu. Shule nzima inajua kwamba Kipeo hatoki ofisi ya walimu kabla ya kengele, hata moto uwake. Kama yupo dirishani, kengele imelia. Kama kengele imelia, Bi Simamisha yuko kwenye kipindi cha mwenzake, anaiba, na ushahidi umepigwa picha.

Fundi bomba alikuwa anakunywa chai. Akaegemea kutazama.

"Si umkate tu huyo," alisema. "Yuko mwishoni hapo, hata hatasikia maumivu."

Alisema kwa mzaha, maskini. Mkewe hakucheka. Alikaa akiutazama mkasi uliokuwa kwenye bilauri ya kalamu, kisha akapiga moyo konde, akauchukua, akakata. Kipande chembamba chenye Kipeo kikaangukia mezani. Nakala ya pili aliikunja, akaitia mkobani, maana mjomba alimlea kwamba picha nzima haitupwi. 

Alhamisi bodi ilikaa chumba cha mikutano, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, mwenye mazoea ya kumtazama mtu kama anayekisia joto lake. Kushoto kwake mkuu wa shule, kulia mkaguzi na faili lake, na mwisho wa meza, akiwakilisha walimu, alikaa Mwalimu Kipeo. Wazazi wawili walijaza nafasi zilizobaki.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema Bi Simamisha, "mkiniuliza mimi nitajitetea, si binadamu? Muulizeni mwanafunzi. Bwana mkaguzi amchague mwenyewe kwenye daftari la darasa, apewe picha hii asiyowahi kuiona, aisome. Akishindwa, futeni."

Mkaguzi akatabasamu. Akapitisha kalamu kwenye orodha akitafuta, na macho yake yakatua kwenye jina lenye maneno "mkimya mno, ajitahidi kuchangia." Akaligonga kwa kalamu. Bi Simamisha ilibidi ajifanye anakohoa, maana furaha ilitaka kumtoka.

Darubini akaletwa. Akaamkia watu wazima mmoja mmoja, akasogea kwenye picha aliyoibandika mwalimu wake ukutani, akaisogelea mpaka pua ikaribie kugusa. Akaipitia pembe hadi pembe, mpaka mzazi mmoja akaanza kuangalia saa.

"Sisi tumegeuka kwa sababu tunasikiliza," alianza kwa sauti yake ndogo. "Mara ya pili huwa hatutazami. Masikio ya huyu, na huyu, tazameni, shingo zao zimeinama upande mmoja wote. Mtu anayefanya ukorofi hainamishi shingo hivyo. Huyu peke yake ndiye amelala, kichwa kimeenda mbele."

"Huyo ni mwanangu," alisema mzazi wa pili kwa uchungu.

"Endelea, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Na aliyepiga picha?"

"Yuko nje, mama. Huu mstari mweusi wa kushoto, wenye ukungu, ni nondo ya dirisha, iko karibu mno na kamera. Na hapa kwenye kioo cha dirisha kuna mwangaza wa kifungo, na kitu cha kijani chini ya mkono."

Watu wote mezani wakaligeukia faili la mkaguzi. Lilikuwa la kijani. Mkaguzi akaliteremsha taratibu mapajani.

"Nilitoka nje mara moja kupiga picha," alisema. "Lakini kipindi nilikaa ndani."

Darubini akairudia picha. "Ulikaa wapi, mzee? Darasani kwetu kiti cha mgeni ni kimoja, kile pale nyuma. Juu yake kuna boksi la televisheni, na juu ya boksi kuna kitambaa, na juu ya kitambaa kuna chaki. Chaki haijaanguka."

Hapo chumba kilichangamka! Mzazi wa kwanza aligonga meza, mkuu wa shule akacheka halafu akakumbuka cheo chake, na mwenyekiti akamtazama mkaguzi kwa jicho lile la kukisia joto. Mkaguzi alikuwa anatafuta leso. Bi Simamisha kwenye kiti chake alikuwa ameshashinda, anajua ameshinda, alishaanza hata kufikiria Jumanne atawafundisha nini.

"Vizuri sana," alisema mwenyekiti. "Kuna kingine?"

Lilikuwa swali la kufungia tu, la adabu. Darubini angesema hapana mama, wangeenda nyumbani. Lakini alikuwa bado anaitazama picha, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna kivuli," alisema. "Hapa sakafuni. Kirefu, kimenyooka, kina pembe, na hiki ni kiwiko. Mtu amesimama dirishani upande wa jua. Lakini mwenye kivuli hayupo." Akasita, akapitisha kidole ukingoni. "Na ukingo huu haukuja hivi. Mkasi umeyumba hapa katikati. Baba akikata ngozi mkono umechoka, huyumba hivi hivi. Picha hii imekatwa."

"Ahaa!" Mkaguzi aliruka kama aliyerudishiwa roho. "Imekatwa! Na nani? Aseme na nani!"

Mtoto akageuka kumtazama mwalimu wake, na akaelewa palepale. Nyuma ya ile miwani minene macho yalijaa maji, na safari hii hayakuanzia shavuni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka mzima Bi Simamisha amechimba, anawaambia watoto tazama pembeni, uliza nini kimeachwa nje, na sasa alikuwa amekaa chini kabisa ya kisima chake akitazama juu. Mtoto yule alikuwa tayari kunyamaza. Ilionekana wazi, mdomo aliufunga, mabega aliyakunja. Kilichohitajika ni mwalimu kutikisa kichwa tu, hata kidogo.

Bi Simamisha akainuka.

"Na mimi," alisema. "Nimeikata mimi, kwa mkono wangu, juzi alasiri. Nzima ni hii hapa." Akaitoa mkobani, akaibandika kando ya ile nyingine. "Soma, mwanangu. Sema unachokiona."

Darubini akasoma huku anafuta pua kwa mkono. Alisema huyu ni Mwalimu Kipeo. Alisema Mwalimu Kipeo hatoki kabla ya kengele. Alisema basi kengele ilikuwa imelia, na hapo ilikuwa saa ya hesabu, na mikono yake ameifunga kwa sababu amekasirika, anasubiri haki yake.

"Mwalimu wa hesabu," alisema mwenyekiti, "ni kweli?"

Kipeo akasimama, mrefu, mnyoofu. "Ni kweli niliibiwa," alisema. "Dakika kumi kila Jumanne, kwa Jumanne kumi na mbili za muhula huu, ni dakika mia na ishirini. Sawasawa na vipindi vitatu kamili." Bi Simamisha aliinamisha kichwa. "Lakini msichana amekosea mahali pamoja. Sikuwa nimekasirika."

"Mbona hukulalamika?"

Kipeo aliitazama rula yake, akatazama dari, shingo ikaanza kuiva. "Nilikuwa natazama, mheshimiwa."

"Unatazama nini?"

"Filamu. Siku ya kwanza nilitoka kwenda kudai kipindi changu, nikamwona yule tarishi anabisha hodi mlango usio wenyewe. Siku ya pili nikatoka haraka zaidi. Nje sauti haifiki vizuri, naambulia picha." Akameza mate. "Mwenzangu, samahani, hili si mahali pake. Ile barua ilifika?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani. Hata mkaguzi alicheka, kwa makosa. Lakini mwenyekiti alipoivaa tena hakuwa anacheka, na alimgeukia mtoto kwanza.

"Ulikuwa umeshamshinda bwana mkaguzi," alimwambia. "Ulijua ukisema hili la kivuli utamchoma mwalimu wako?"

"Sikujua ni yeye, mama. Nilipojua, nilikuwa nimeshasema."

"Na ungejua mapema?"

Darubini akapandisha miwani yake. "Ningelia kwanza," alisema. "Halafu ningesema. Kivuli kipo."

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mwenyekiti akatoa uamuzi. Alisema mkaguzi atarudi shuleni, safari hii ataingia kwa mlango, atakaa, na ataandika alichokiona akiwa amekaa. Alisema Bi Simamisha ataandikiwa onyo kwa kuipelekea bodi picha iliyokatwa, na litakaa kwenye faili lake mpaka atakapostaafu. Kipindi kitabaki, ila kitahamishiwa saa ya mwisho ya Jumanne, asipate wa kumwibia. Mkuu wa shule akaandika yote, na kwa mara ya kwanza hakusema tutaona.

Kwenye korido Kipeo alimpita akamwambia kwamba zile dakika mia na ishirini amemsamehe, na akamkumbusha kwamba hajajibiwa. Bi Simamisha akaenda maktaba, akajifungia, akalia vizuri, kwa furaha na aibu, kati ya vitabu vyake vilivyochanika.

Jumanne iliyofuata watoto waliingia kwa kelele wakidhani wataendelea na tarishi. Televisheni ilikuwa imezimwa. Ukutani walikuta picha mbili zimebandikwa, ile iliyokatwa na ile nzima, na kile kipande chembamba chini yake. Darubini aliziona kutoka mlangoni, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, kichwa chini. Aliamini mwalimu wake hatamtazama tena.

"Leo tunasoma picha iliyokatwa na mwalimu wenu," alisema Bi Simamisha. "Nani atatuanzia?"

Wale ambao kwa kawaida hunyoosha mikono miwili walikuwa wanakagua kucha zao.

"Mnaniogopa? Haya, nitaanza mimi. Aliyekata ni nani? Mimi. Kwa nini? Ili aonekane safi. Tazameni mkato ulivyoyumba, huyu mtu mkono ulikuwa unatetemeka, alijua anachokifanya." Akatembea katikati ya madawati mpaka nyuma, akasimama mbele ya Darubini. "Sasa nataka jicho zuri. Hapa ndipo ninapokwama. Nje ya picha hii kuna kitu ambacho hata kwenye ile nzima hakipo. Ni nini?"

Msichana akainua uso polepole. Alimtazama mwalimu wake kwa muda, jinsi walivyozoea kuitazama picha, bila sauti.

"Ni wewe, mwalimu," alisema. "Nyumbani. Umeshika mkasi."

"Nina sura gani?"

"Unaogopa."

"Ninaogopa nini, mwanangu?"

Darubini akatazama darasa lote, wenzake arobaini kasoro yeye, wote wamegeuka nyuma kuwatazama.

"Kutukosa," alisema.

Bi Simamisha akavuta kiti cha mgeni, akaondoa boksi lililokuwa juu yake, akakaa hapo kando ya binti wa fundi viatu, na wakaendelea kusoma picha mpaka kengele ikalia.